"Mavazi ya kujisitiri": Paulo hakushika futi ya fundi cherehani

Katika makanisa yetu mengi, 1 Timotheo 2:9 imegeuzwa futi ya kupimia sketi. Dada akija na suruali anasomewa "mavazi ya kujisitiri", na msomaji anaishia hapo hapo. Aendelee kidogo tu: mstari uleule unataja kusuka nywele, dhahabu, lulu na nguo za thamani. Goti halikutajwa.

Timotheo, aliyeandikiwa waraka huu na Paulo, alikuwa Efeso, mji wa bandari wenye matajiri wake. Lulu zilikuwa za wenye fedha, na misuko ile ya madaha mara nyingi ilifanywa na mtumwa wa nyumbani. Kinachokemewa hasa ni kuja ibadani kujionyesha mbele ya wasio nacho. Yakobo 2 inaligusa jambo hilo hilo, na safari hii mwenye pete ya dhahabu ni mwanamume!

Sisemi staha ya mwili haimo. Neno kujisitiri lipo. Ila kitenge cha bei mbaya, kilichoshonwa ili jirani aumie roho, kinaguswa na mstari huu kuliko suruali ya mtumba. Pambo analolitaka Paulo liko mstari wa 10: matendo mema.