Michael Jordan hakufukuzwa na gongo la besiboli

Wengi bado wanasema Michael Jordan alirudi kwenye kikapu mwaka 1995 kwa sababu besiboli ilimshinda. Wanaosema hivyo huishia kwenye takwimu zake katika Birmingham Barons, timu ya besiboli ya daraja la chini aliyoichezea kiangazi cha 1994: wastani wa .202, yaani mapigo safi kama 20 kwa kila zamu 100 za kupiga. Ni kidogo, kweli. Lakini alikuwa na miaka 31, hajacheza besiboli ya ushindani tangu ujana wake, na aliingizwa moja kwa moja kwenye daraja lililo ngazi mbili tu chini ya ligi kuu. Huko mpira unakuja umenyooka, kisha unakata kona ukiwa umeshaanza kuzungusha gongo. Hata hivyo aliiba besi mara 30, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe.

Kinachosahaulika ni vuli iliyofuata. Alikwenda Scottsdale Scorpions, timu ya Arizona Fall League, ligi iliyoanzishwa 1992 ambako klabu kubwa hupeleka vijana wao bora wakanolewe. Hapo ushindani ni mkali kuliko Birmingham, na wastani wake ukapanda hadi .252. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba ya kuheshimu: mtu anajifunza mbele ya macho ya watu wote.

Kilichomwondoa ni mgomo. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa wamegoma tangu Agosti 1994. Jordan akakataa kutumiwa kuziba nafasi zao, akaondoka kwenye kambi ya mazoezi Machi 1995. Mwezi huohuo alikuwa amevaa tena jezi ya Chicago Bulls.