Takahashi Korekiyo: yale yanayosemwa, na yale aliyofanya

Mjadala wa deni la taifa ukipamba moto, mara nyingi hutokea mtu akalitaja jina la Takahashi Korekiyo, waziri wa fedha wa Japani katika miaka ya 1930. Alichapisha noti, uchumi ukapona, basi. Mimi habari ya mzee huyu naipenda, na kuisikia ikikatwa hivyo kunaniuma, maana kipande kinachoachwa ndicho kilichomgharimu uhai.

Dhana: Alikuwa msomi wa tabaka la juu, aliyetayarishwa kwa uwaziri tangu utoto.

Alizaliwa Edo, yaani Tokyo ya leo, mwaka 1854, mtoto wa nje ya ndoa wa mchoraji aliyeitumikia serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani. Akalelewa na familia ya askari wa cheo cha chini wa Sendai. Mwaka 1867 alipelekwa Marekani kusoma, na huko akatia saini karatasi ambayo hakuielewa. Karatasi ile ilimfunga kuwa mtumishi wa mkataba katika nyumba ya watu huko Oakland, California. Alipojinasua na kurudi kwao, mali aliyokuja nayo ilikuwa Kiingereza.

Baadaye aliiongoza idara ya hataza (haki za uvumbuzi) ya Japani, akaiacha mwaka 1889 kufuata mgodi wa fedha nchini Peru. Kufika, madini yalikuwa yameshachimbwa yakaisha. Alirudi mikono mitupu akiwa na miaka thelathini na kitu. Benki Kuu ya Japani ilipomchukua mwaka 1892, kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye ujenzi wa jengo la benki. Mwaka 1911 akawa gavana wake.

Dhana: Alimwiga mchumi Mwingereza Keynes.

Tarehe zinakataa. Kitabu kikuu cha Keynes, kinachohimiza serikali itumie zaidi uchumi unapodorora, kilitoka Februari 1936, mwezi uleule aliouawa Takahashi. Hatua zake kubwa alikuwa amezichukua miaka minne kabla.

Dhana: Alichapisha tu noti.

Hapa ndipo penye kiini. Mtangulizi wake, Inoue Junnosuke, aliirudisha Japani kwenye mfumo wa dhahabu, yaani sarafu kufungwa kwenye thamani ya dhahabu, Januari 1930, kwa thamani ya zamani ya yeni, wakati dunia inaingia kwenye mdororo. Bei zikaporomoka, wakulima wa hariri wakaumia vibaya. Takahashi alishika wizara tarehe 13 Desemba 1931, na siku hiyohiyo akazuia tena dhahabu kupelekwa nje ya nchi. Yeni 100, zilizokuwa na thamani ya karibu dola 49, zilishuka hadi karibu dola 20 katika muda wa mwaka mmoja. Bidhaa za Japani zikawa rahisi nje, viwanda vikapata kazi.

Kisha, kuanzia Novemba 1932, Benki Kuu ikanunua hatifungani, yaani hati za mkopo wa serikali, moja kwa moja kutoka serikalini. Wanaomsifia hukomea hapo, na wanaomlaumu pia. Lakini Benki Kuu haikuzikalia hatifungani zile. Sehemu kubwa iliziuza kwa mabenki, ambayo wakati huo yalikuwa na fedha nyingi na wakopaji wachache, na kwa njia hiyo pesa zilizotoka kwa mkono mmoja zikavutwa kwa mkono mwingine. Japani ikatoka kwenye mdororo mapema kuliko Marekani, na bei hazikulipuka.

Takahashi alijua kwamba njia hiyo ina mwisho. Uchumi ulipokwisha kuinuka, mabenki yalianza kupata wakopaji wengine, na hamu yao ya hatifungani ikapungua. Kuendelea kukopa vilevile kungeiacha Benki Kuu na mzigo mikononi, na bei zingepanda. Kwa hiyo akageuka, akataka ukopaji ushuke mwaka hadi mwaka. Matumizi ya jeshi yalikuwa yamekaribia nusu ya bajeti, na jeshi lilitaka zaidi. Mwishoni mwa Novemba 1935, kikao cha baraza la mawaziri kuhusu bajeti kilikesha usiku kucha, mzee wa miaka 81 akibishana na wanajeshi. Kupanua matumizi kulimpa sifa. Mimi naona ujasiri wake ulikuwa katika kuyapunguza, na hiyo ndiyo kazi ambayo wanaomtaja leo hawaigusi.

Dhana: Alikuwa mpinga vita maisha yake yote.

Sivyo, na kumheshimu hakutulazimishi kulificha hilo. Vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905 viliendeshwa kwa mikopo aliyoitafuta yeye mwenyewe London na New York, akisaidiwa sana na mwenye benki Jacob Schiff. Na katika ile bajeti ya kuuinua uchumi baada ya 1931, fungu la jeshi huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, nalo lilipita kwa idhini yake.

Dhana: Aliuawa akiwa waziri mkuu.

Uwaziri mkuu aliushika kati ya Novemba 1921 na Juni 1922, baada ya waziri mkuu Hara Takashi kuuawa, na hakung'ara. Tarehe 26 Februari 1936, maofisa vijana wa jeshi walipoasi Tokyo, waziri mkuu alikuwa Okada Keisuke. Waasi walimuua shemeji yake wakidhani ni yeye, na Okada akanusurika. Takahashi alikuwa waziri wa fedha. Theluji imetanda nje alfajiri hiyo, askari waliingia nyumbani kwake Akasaka, wakapanda ghorofani, wakampiga risasi na kumkata kwa panga kitandani mwake. Baadaye wizara ikaenda kwa Baba Eiichi, na bajeti iliyofuata ikawapa wanajeshi kile ambacho Takahashi aliwakatalia.