Je, wajua kwa nini mji wa mafuta wa Pithole uliuzwa kwa dola 4.37?

Mwishoni mwa miaka ya 1870 ardhi ya mji wa Pithole, jimboni Pennsylvania, Marekani, ilinunuliwa na kaunti ya Venango kwa dola 4 na senti 37. Septemba 1865, miaka kama 13 tu nyuma, hapohapo walikuwa wakiishi watu wapatao 15,000. Palikuwa na hoteli zaidi ya 50, makanisa, gazeti, jumba la maonyesho, na posta iliyokuwa miongoni mwa zilizopitisha barua nyingi kuliko zote jimboni.

Jibu linalozoeleka ni kwamba mafuta yaliisha. Si kweli. Sehemu kubwa ya mafuta ilibaki ndani ya mwamba. Kilichoisha ni nguvu ya kuyapandisha juu, na waliopoteza nguvu hiyo ni wachimbaji wenyewe.

Tarehe 7 Januari 1865 kisima kilichoitwa Frazier kilifoka mafuta kwenye shamba la Thomas Holmden, kando ya kijito cha Pithole. Kilitoa mamia ya mapipa kwa siku bila pampu. Aprili vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamalizika, maelfu ya askari wakaachiwa wakiwa na mshahara mfukoni na hawana kazi. Mwezi Mei viwanja 500 vilipimwa. Nyumba zilijengwa kwa mbao mbichi, harakaharaka, kwa sababu kila mtu alidhani atakaa mwaka mmoja na kuondoka tajiri.

Sasa tuangalie chini ya ardhi. Mafuta hayakai kama ziwa. Yamo ndani ya mwamba wa mchanga ulioshikamana, wenye vitundu vidogo sana, na ndani ya mafuta hayo kuna gesi iliyoyeyuka. Fungua chupa ya soda iliyotikiswa: gesi ndiyo inayoisukuma soda itoke. Iache wazi hadi kesho, soda bado ipo chupani lakini haifoki. Kisima nacho ni hivyohivyo. Gesi ikitoka ovyo, presha hushuka, na mafuta hunata kwenye vitundu vya mwamba. Mahali panapotegemea gesi hiyo peke yake, kiasi kinachopatikana kwa kawaida hakifiki asilimia 30 ya mafuta yote yaliyomo.

Sheria nayo ilizidisha haraka. Mafuta yalikuwa mali ya yule aliyeyatoa, hata kama yalivuja kutoka chini ya ardhi ya jirani. Shamba la Holmden lilikatwakatwa vipande vya nusu ekari vya kukodishwa, na mwenye kipande aliyengoja aliachia jirani amnyonye. Kwa hiyo kila mmoja alichimba upesi, akafungulia kisima kitoke kwa nguvu yake yote, na presha iliyokuwa ya wote ikapotelea hewani.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo uharibifu usiorekebishika ulipotokea. Ili kufika kwenye mafuta, tundu lilipita kwanza kwenye tabaka zenye maji. Siku hizo visima vingi havikuwekewa bomba la nje la kuzuia kuta. Fundi alifunga mfuko wa ngozi uliojazwa mbegu za kitani kuzunguka bomba la kutolea mafuta, akaushusha chini ya tabaka la maji. Mbegu zikilowa huvimba, mfuko hubana ukuta wa tundu, na maji hayapiti. Ni ufundi mzuri, lakini una kasoro moja kubwa: kila bomba lilipovutwa juu kwa matengenezo, kizuizi kilitoka nalo, na maji yakaporomoka hadi kwenye mwamba wa mafuta. Visima vilivyotelekezwa vikiwa wazi vilifanya hivyo mchana na usiku, na maji yaliyoingia kwa mmoja yalifika kwa jirani.

Juu ya ardhi, uchukuzi ulikuwa mikononi mwa waendesha mikokoteni ya farasi. Barabara zilikuwa tope lenye mafuta, na nauli kwa pipa moja la galoni 42 (lita 159 hivi) ilifika dola 3. Mfanyabiashara wa mafuta, Samuel Van Syckel, akaamua kulaza bomba la chuma lenye kipenyo cha inchi 2 hadi kituo cha reli cha Miller Farm, zaidi ya kilomita 8. Mabomba yaliyojaribiwa kabla yake yalishindwa kwa kuvuja kwenye maungio. Yeye alitumia vipande vilivyofungwa kwa hesi, na pampu za mvuke za kusukuma. Oktoba 1865 bomba lilianza kupitisha mapipa 81 kwa saa, karibu 2,000 kwa siku, kwa dola 1 kila pipa. Waendesha mikokoteni walilifumua usiku hadi likawekewa walinzi wenye silaha, lakini kazi yao ilikuwa imekwisha. Walipoondoka, waliondoka pia wateja wa hoteli, mazizi na maduka.

Mwaka 1866 mapigo yakafuatana. Visima vilipungua nguvu mfululizo, Machi mtandao wa benki za Charles Culver ukaanguka na mikopo ikakatika, na moto ukala mitaa ya mbao iliyolowa mafuta. Kufikia Desemba walibaki watu kama 2,000. Wengi waling'oa mbao za nyumba zao wakaenda kuzijenga kwenye miji mipya ya mafuta. Sensa ya 1870 ilihesabu watu 237, na mwaka 1877 hadhi ya mji ikafutwa.

Eneo hilo leo ni hifadhi ya kihistoria. Mitaa ya zamani haina lami wala nyumba. Nyasi hukatwa kufuata ramani ya 1865, na mgeni hutembea kwenye njia hizo za majani akipita mashimo ya misingi ya nyumba.