Aina za data za kujitungia kwenye hifadhidata

Hifadhidata moja tuliyoikagua ilikuwa na asilimia katika majedwali matatu. La kwanza liliandika 18, la pili 0.18, na la tatu lilihifadhi maandishi, "18%", pamoja na alama yake. Ripoti iliyosoma majedwali mawili ya kwanza ilijumlisha bila kulalamika. Ikatoa jibu, na jibu halikuwa sahihi.

Mfumo wa hifadhidata huja na aina zake za msingi: namba kamili, desimali, maandishi, tarehe. Haujui asilimia ni kitu gani. Ujuzi huo umo vichwani mwa waliounda majedwali, na watu huhama kazi. Ndiyo maana kiwango cha mwaka 1992 cha SQL, lugha ya amri za hifadhidata, kilileta amri inayokuruhusu kuchukua aina ya msingi, ukaipa jina lako na masharti yako. Kwenye mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL huandikwa hivi:

CREATE DOMAIN asilimia AS numeric(5,2)
CHECK (VALUE >= 0 AND VALUE <= 100);

Ukishaitangaza safuwima kuwa ya aina asilimia, anayeingiza 118 anakataliwa palepale, awe ametumia programu ya simu au ameandika amri kwa mkono. Kanuni imeandikwa mara moja tu, nayo inalinda kila jedwali linaloitumia. Lakini angalia: 0.18 bado itapita, kwa sababu iko kati ya 0 na 100. Kama viwango vyenu havishuki kamwe chini ya 1, pandisheni kima cha chini. Kama vinashuka, hakuna sharti litakalowaokoa. Jina la aina ndilo litakalomkumbusha mwandishi wa programu.

Jambo jingine linalowaponyoka wengi ni NULL, yaani alama ya thamani isiyopo. Sharti la CHECK likikutana nayo halisemi ndiyo wala hapana, na mfumo huiacha ipite. Kishawishi cha kuweka NOT NULL, yaani kukataza NULL, ndani ya aina yenyewe ni kikubwa, ila sisi hushauri iwekwe kwenye safuwima ya jedwali. Ukiunganisha majedwali kwa LEFT JOIN, inayobakiza safumlalo za jedwali la kwanza hata zisipopata mwenza katika la pili, safuwima ya aina hiyo inaweza kurudi ikiwa NULL hata kama aina yenyewe inaikataza.

Aina ya namna hii pia haizuii kuchanganya vipimo. Tengeneza moja iitwayo kilo na nyingine paundi, zote juu ya numeric, aina ya desimali, na PostgreSQL itazijumlisha kwa amani. Db2, mfumo wa hifadhidata wa IBM, ni mkali zaidi. Aina mbili zilizotenganishwa haziwezi kulinganishwa mpaka ubadilishe moja waziwazi. Kwa data ya vipimo, ukali huo nauona ni faida.

Wakati mwingine kinachohitajika ni hesabu mpya kabisa. Michael Stonebraker, mmoja wa waundaji wa mfumo wa hifadhidata wa Ingres, amesimulia jinsi mteja mmoja wa mfumo huo alivyolalamika kuwa hesabu ya kutoa tarehe moja kwenye nyingine ina kasoro. Kutoka 15 Februari hadi 15 Machi, katika mwaka usio mrefu, mfumo ulihesabu siku 28. Mteja alitaka 30, kwa kuwa hatifungani zake zililipa riba ileile kila mwezi, uwe mfupi au mrefu. Kalenda haikuwa na kosa. Mteja naye hakuwa na kosa. POSTGRES, mtangulizi wa PostgreSQL na mradi ulioanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, uliundwa ukiruhusu mtumiaji kuongeza aina zake pamoja na vitendo vyake, kutoa kukiwemo.

Kuna pia orodha funge, ENUM, ambayo wanaoanza huipenda mno. Hali ya ombi, kwa mfano: limepokelewa, linachunguzwa, limekubaliwa, limekataliwa. Zitapangwa kwa mfuatano ulioutangaza, si kwa alfabeti, na hilo linafaa sana. Tatizo huja siku orodha inapobadilika. PostgreSQL inakubali kuongeza neno, na tangu toleo la 10 kulibadilisha jina, lakini kuliondoa haina amri. Orodha inayoweza kupungua iweke kwenye jedwali la marejeo na uiunganishe kwa ufunguo wa kigeni, yaani safuwima inayokubali tu thamani zilizomo kwenye jedwali hilo.

MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, haina amri ya kutunga aina. Ina ENUM ndani ya safuwima na CHECK, ambayo ilianza kutekelezwa kweli katika toleo la 8.0.16. SQL Server ya Microsoft inakuruhusu kuipa aina ya msingi jina jipya, lakini huwezi kuibadilisha baadaye, wala kuifuta ikiwa kuna jedwali linaloitumia.

Kabla ya kuibadilisha safuwima iliyojaa data iwe ya aina yako mpya, tafuta kwanza safumlalo zitakazokataliwa:

SELECT * FROM ankara
WHERE punguzo < 0 OR punguzo > 100;

Zikitokea, usikimbilie kuzisahihisha kwa amri moja. Waulize waliozijaza walimaanisha nini.