Matatu ni mahali pa umma, lakini picha je?

Wapiga picha wengi Nairobi hujitetea hivi: matatu ni mahali pa umma, kwa hiyo aliyepanda amekubali kupigwa picha. Si kweli, ingawa wanaodai kwamba kila picha ya namna hiyo ni jinai nao wamekosea.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na haisemi haki hiyo inaachwa stendi. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Ukibaki nayo kwenye simu kwa matumizi yako tu, sheria hiyo haikugusi. Uandishi wa habari na sanaa navyo vina nafuu, japo yenye mipaka.

Shida kubwa huanza picha inapotumika kuvutia wateja. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Na huyo alikuwa ametoka kustarehe! Abiria aliyesinzia mdomo wazi akirudi kutoka kazini, kwa maoni yangu, aachwe hata pale sheria inaporuhusu.

Tanzania nayo ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Hoja ya "mahali pa umma" ina nguvu zaidi Marekani. Kanuni za treni za chini ya ardhi za New York huruhusu kupiga picha, mradi hutumii taa za ziada wala stendi ya kamera.