Kundi O na sahani ya maharage

Binti wa miaka 19 aliniamkia, akaweka kadi yake ya kuchangia damu mezani. "Mimi ni O, daktari. Ndiyo maana nimeacha maharage, chapati na maziwa." Alikuwa akifuata lishe ya makundi ya damu, inayodai kila kundi lina vyakula vyake. Anakaa hosteli. Maharage ndiyo yaliyokuwa yakimpa protini kila siku, na nyama aliyoambiwa ale badala yake hana hela ya kuinunua. Iliniuma.

Kundi la damu ni suala la sukari ndogo zilizoshika juu ya chembe nyekundu. Mwenye A ana yake, mwenye B ana yake, AB anazo zote mbili, O hana hata moja ya hizo. Karl Landsteiner alieleza A, B na O mwaka 1901, AB ikafuata baadaye, na ujuzi huo umeokoa maisha ya wengi wanaoongezewa damu. Kweli, kundi lina athari zake nyingine: wenye O hawapati malaria kali kwa urahisi kama wengine. Ila chakula cha kula na mafuta ya tumboni ni habari nyingine.

Lishe ya makundi ya damu ilivuma kutoka Marekani mwaka 1996. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliichunguza kwa watu 1,455, wengi wao vijana. Waliokula kwa kufuata lishe ya "A", yenye mboga kwa wingi, walikuwa na viuno vyembamba na presha nzuri zaidi, hata kama damu yao ilikuwa O au B.

Utasikia pia tafiti za wanafunzi zikisema kundi fulani ndilo linalonenepa. Angalia idadi. AB ni wachache. Katika darasa la watu mia wanaweza wasifike kumi, na wanene wawili tu wanapandisha wastani wote. Halafu nyingi hupima BMI peke yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Vijana wawili wa sentimita 170 na kilo 70 wana BMI moja, 24.2, hata kama mmoja ni misuli mitupu na mwenzake amejaa mafuta.

Binti nilimpandisha pekupeku kwenye mizani inayopitisha umeme kidogo mwilini. Misuli ina maji, huupitisha, mafuta huuzuia. Mafuta yake yalikuwa ya kawaida, misuli ndiyo haba. Amerudia maharage. Tutapima tena asubuhi, kabla hajanywa chai.