Nyota Changa Haipigwi Picha kwa Simu: Ufafanuzi kwa Umma

Tangu kaskazi ianze na mbingu kutakata, ofisi imepokea picha nyingi kutoka Unguja na Pemba zenye swali moja: hii ni nyota inayozaliwa? Tunashukuru kwa hamu hiyo. Nyingi ni sayari ya Zuhura. Nyingine ni kundi la nyota la Kilimia, nacho si kichanga: nyota zake zina takriban miaka milioni 100, na ule ukungu wa buluu ni vumbi zinalopitana nalo tu. Hili tumeshalieleza, na tunalieleza tena.

Mawingu ya gesi na vumbi yanayozaa nyota yapo upande huohuo wa Kilimia, kwenye buruji ya Thauri, umbali wa miaka-nuru 450 hivi (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka). Ndani yake ni baridi ya nyuzi 263 chini ya sifuri, na vumbi huzuia mwanga wa kawaida. Infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, hupenya, lakini sehemu kubwa yake humezwa na mvuke wa hewa yetu. Ndiyo maana darubini za Spitzer (2003) na James Webb (2021) zilipelekwa anga za juu.

Hata huko, kitone si ushahidi. Wingu L1014 lilihesabiwa halina nyota mpaka mwaka 2004, Spitzer ilipoona ndani yake kitone chenye takriban sehemu moja ya kumi ya mng'ao wa jua. Kingeweza kuwa galaksi ya mbali, au nyota kongwe iliyo nyuma ya wingu. Kilichokata shauri ni darubini za redio, zilizokuta gesi ya kaboni monoksaidi ikisukumwa nje pande mbili, kidogo na taratibu mno. Nyota changa hufanya hivyo; galaksi ya nyuma haifanyi.

Wanaotaka kuomba muda wa kutumia darubini ya James Webb wazingatie yafuatayo. Uraia si kikwazo. Maelezo ya ombi yasitaje jina la mwombaji wala chuo chake. Hata kuandika "utafiti wetu wa awali" kunaweza kukuengua, kwa kuwa kunakutambulisha, bila kujali ubora wa hoja. Mwisho wa kupokea maombi huwa saa mbili usiku za Baltimore, Marekani, yaani saa tisa usiku kwetu (saa kumi wakati wa saa za baridi za Marekani), tarehe inayofuata. Ombi likichelewa, halisomwi. Data mpya zinaweza kufungiwa mwombaji hadi miezi 12, kisha huwa wazi kwa wote, bure. Anayekutoza ada ya "kufunguliwa" data hizo usimlipe.

Picha za simu tutaendelea kuzipokea, mradi ziwe na tarehe, saa na upande wa mbingu. Zisizo na hayo hatutazijibu.